Kunyoosha Kiuno Katikati ya Mstari

Nimechoka na kiuno changu. Nalisema neno hilo asubuhi kabla hata ya kumsalimu mutu, na wajukuu wangu wameshazoea. Wananijibu "pole, bibi" bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

Kilinishika sawasawa siku niliporudi kutoka Kabambare. Nilikuwa nimekwenda matanga ya mjomba wangu, na barabara ile kila mutu wa Kasongo anaijua. Unakaa nyuma ya pikipiki siku nzima, mashimo na matope, unashuka unasukuma, unapanda tena. Kufika nyumbani nikashindwa kushuka. Mwenye pikipiki na jirani yangu wakaninyanyua, wakaniweka barazani kama gunia la mpunga, kikwembe kinataka kufunguka na wapita njia wanaangalia. Aibu ile iliniuma kuliko kiuno.

Kesho yake, kwenye kituo cha afya, nikailaumu pikipiki. Muuguzi, mwanaume mpole asiye na haraka, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, pikipiki imemalizia tu. Kazi uliianza weye mwenyewe, zamani."

Nilikasirika. Mutu nimelima tangu utotoni, halafu naambiwa nimejiharibu mwenyewe! Akaweka beseni la maji chini na kuniomba nilinyanyue. Nikainama kama mama yangu alivyonifundisha: miguu imenyooka na kubanana, kikwembe kimetulia, mgongo peke yake ndio unaokwenda chini. Kwetu hiyo ndiyo adabu. Mwanamuke anayechuchumaa na kutanua magoti mbele ya watu, watu wanauliza alilelewa na nani. Muuguzi akanizuia mkono kabla sijaligusa beseni. Akasema hapo hapo ndipo ninapokivunja kiuno, kila siku, mara kwa mara, bila kusikia. Nichuchumae, beseni liwe karibu na tumbo, niinuke kwa nguvu ya mapaja. Nikamuuliza kama mama yake anachota maji hivyo. Akasema hapana, ndiyo maana na yeye analia kiuno.

Masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya mganga wa mizizi. Bidon moja kubwa ya maji niiache, nibebe mbili ndogo, moja kila mkono. Kumenya muhogo nisikae tena kwenye kile kiti kifupi kinachokutia magoti kidevuni, nitafute kiti chenye mgongo. Kulala nilale ubavu, magoti yamekunjwa, kitambaa katikati. Mjukuu wa mwisho akitaka kubebwa, apande kwanza juu ya kiti. Na shambani, hili alilirudia mara mbili, nisiiname muda mrefu. Ninyooke kabla kiuno hakijaniita, nitembee hatua chache, ndipo niiname tena.

Mengine niliyaweza, kwa manung'uniko. Kwenda mtoni na bidon mbili ndogo ni kwenda mara nyingi, na kila safari ina kilima chake. Kuchuchumaa nilikufanyia mazoezi nyumbani, mlango umefungwa, kama mutu anayeiba. Lakini baada ya majuma machache niliamka siku moja nikafunga kikwembe bila kushika ukuta. Nilifurahi, sitaficha.

La shamba ndilo lililonishinda.

Tunalima wanawake wanane, majirani, Wakristo sita na Waislamu wawili, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye shamba anapika bukari na sombe, ugali na majani ya muhogo, ndiyo shukrani yake. Tunaingia kwa mstari, bega kwa bega, na mimi niko mkono wa kuume, mbele kidogo ya wengine. Mwendo wa jembe langu ndio mwendo wa wote. Hakuna kunyooka mpaka tufike mwisho wa shamba. Anayenyoosha kiuno katikati tunamwita mama wa biro, mwanamuke wa ofisini asiyejua jembe, na jina hilo linamfuata mpaka sokoni. Nililianzisha mimi, miaka mingi nyuma, siku nilipokuwa na nguvu na mdomo. Wote walicheka, na mimi nikajiona mutu.

Sasa nifanyeje? Mimi ni mjane. Shamba langu la mpunga lilikuwa la mwisho kwenye zamu, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Nikitoka kwenye mstari, nani atakuja kulima kwangu? Wajukuu watano hawashibi pole. Na nikibaki bila kunyooka, muuguzi alishaniambia wazi kwamba iko siku nitainama na sitainuka. Wazee wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakutuambia anainuka namna gani.

Nikatafuta hila. Nikajifanya nimechomwa na mwiba, nikachuchumaa kuutafuta. Lakini mwiba gani unaomchoma mutu kila siku, mguu ule ule? Jirani yangu, yule aliyenishusha kwenye pikipiki, ambaye jembe lake liko kando ya jembe langu tangu tukiwa wake wapya, akaniuliza kama miiba ya Kasongo inanidai. Wengine wakacheka. Nikaacha hila, nikainama kama zamani. Jioni niliporudi nilipanda kitandani kwa mikono na magoti, nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko maumivu.

Halafu ikafika siku ya shamba la huyo jirani yangu. Udongo wake mgumu, una mizizi. Tulikuwa hata nusu hatujafika nilipohisi kile kitu chini ya mgongo kikianza kukaza, pole pole, kama mutu anayefunga kamba ya mzigo. Nilijua. Nikiongeza majembe kumi, watanibeba tena. Nilifikiri mpunga wangu, nikafikiri jina lile, nikafikiri kicheko chao, na kweli nilichoka kufikiri. Nikasimama. Nikaweka mikono miwili kiunoni na kunyooka mpaka mifupa ikalia.

Nikangoja kicheko.

Nikasikia jembe moja likiacha kupiga. La pili likaacha. Yakanyamaza yote. Nilipogeuka, wanawake saba walikuwa wamesimama, kila mmoja mikono kiunoni, macho wameyafumba, wanatoa pumzi ndefu ya mutu aliyeshusha kitunga cha mihogo. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa anatokwa na machozi.

Jirani yangu akasema, bila kunitazama, "Dada, miaka yote hii siye tulikuwa tunakungoja weye."

Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia. Sauti yangu ilitoka kali, ndivyo nilivyo.

"Tungekuambia namna gani?" akasema. "Kiuno chako kilikuwa hakikuumi."

Kisha akanieleza kwamba tangu msimu wa mpunga wa mwaka juzi analala chini kwenye mkeka, kwa sababu kitandani akipanda hawezi kushuka bila mumewe. Ukuta wa nyumba yake na wangu zinatazamana. Kila asubuhi namuuliza ameamkaje, na kila asubuhi ananijibu vizuri. Mwingine akasema yeye hambebi tena mtoto wake mgongoni, na watu wanadhani ni maringo. Waliongea kwa zamu, taratibu, bila lawama, na mimi ningependa wanitukane.

Nilitaka kuomba msamaha. Nikawaambia tu yale ya muuguzi, kunyooka kabla ya maumivu, kutembea kidogo, kukunja magoti badala ya mgongo, na nilipochuchumaa kuwaonyesha, magoti wazi katikati ya shamba, hakuna aliyeuliza nililelewa na nani. Wakaitikia kwa kichwa.

Jua lilikuwa limepanda, zaidi ya nusu ya shamba bado. Nikashangaa mbona hawaendelei, wala hawakai. Walikuwa wamesimama tu, wote saba, wamechoka, majembe mkononi, wananitazama mimi, wanangoja niiname kwanza.

Nikaweka jembe chini, nikakaa kwenye udongo. Ndipo na wao wakakaa.