Nyimbo Tisa za Byamungu

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu. Ilikuwa Jumatano, mwaka wa 2012, nyumbani kwangu hapa Kakuma. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na maikrofoni mbili, moja kila mkono, na sijui niweke ipi chini.

Nimeikumbuka kwa sababu umekuja na simu imejaa picha za maikrofoni, unaniuliza ununue ipi urekodi gitaa lako chumbani. Kaa kwanza. Chai ndiyo hiyo, sukari jipimie mwenyewe.

Siku hizo nilikuwa kiongozi wa kwaya. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, lakini kiburi changu kilikuwa cha msichana wa kumi na saba. Mpiga gitaa wetu alikuwa mmoja tu, Byamungu, Mkongo wa kambi ya wakimbizi, mtu mpole mwenye gitaa jekundu la umeme lililobanduka rangi na spika yake ndogo yenye kitambaa mbele. Basi jina lake likatoka kwenye ubao wa matangazo kambini: anapelekwa kuishi ng'ambo, anaondoka Alhamisi ya wiki inayofuata. Kwaya nzima ilinuna. Nani mwingine angetupigia? Hakuna! Ndipo nikasimama mbele ya watu nikajitapa kwamba nitamrekodi, nyimbo zetu zote tisa, gitaa peke yake, ili akishaenda tuwe tunaimba juu ya gitaa lake.

Byamungu akafurahi. "Mama Ewoi, ile tisa nitakupigia siku moja tu, inaisha," akaniambia. "Mikro iko?"

Mikro ilikuwako. Ilikuwa ndani ya kikapu nyuma ya mlango, imefungwa kwenye leso: ile ya kanisani, kichwa kimebonyea, inanuka midomo ya kila aliyewahi kutangaza harusi na matanga. Ukiisogeza mbali kidogo na mdomo haikusikii kabisa. Mimi nikaona hiyo ni ya makelele, gitaa linataka kitu cha maana. Nikamwambia Byamungu angoje kidogo, nikapanda gari kwenda Lodwar.

Huko dukani kijana muuzaji akaniambia, "Mathee, ile ya mapasta achana nayo. Chukua kondensa, ndio ya studio. Hii inashika kila kitu."

Kila kitu! Nikaona nimefika, nikainunua. Nikapita ofisini kwa kaka yangu Ekai, naye ni mtu wa kusoma, akanichapishia karatasi kutoka kwenye mtandao. Ukurasa wa kwanza ulisema maikrofoni ikae mbali na spika isikie chumba. Wa pili ulisema isikae mbali hata kidogo. Wa tatu ulisema inategemea. Nilizisoma njia nzima nikirudi, na nilipofika Kakuma nilikuwa najua kidogo kuliko nilipoondoka.

Ijumaa tukajaribu. Kimya. Maikrofoni mpya kama imekufa. Byamungu akaigonga kwa kidole, akaipuliza, akaniangalia. Jumatatu nikarudi Lodwar nimejaa hasira, na yule kijana akacheka mpaka akashika meza. Kumbe kondensa inahitaji kulishwa umeme na kisanduku chake, ambacho pia ndicho kinaiunganisha na kompyuta yangu. Mbona hukuniambia? "Si hukuuliza, mathee."

Nikakinunua, na Jumanne kikafanya kazi. Naam, ikashika kila kitu kweli. Ikashika upepo, mabati yakipasuka kwa jua, mbuzi wa baba yangu nje, bodaboda barabarani, na mimi nikimeza mate. Gitaa lilikuwa humo pia, mbali, kama linapigwa kwa jirani. Nikampigia Ekai simu, akasema tundika mablanketi ukutani. Nikatundika. Jua la Kakuma unalijua, sasa fikiria chumba cha mabati kilichovikwa mablanketi! Byamungu alitokwa jasho mpaka vidole vikawa vinateleza kwenye nyuzi, na mbuzi bado walisikika. Ekai akasema basi niisogeze mlangoni. Nikaisogeza. Nikairudisha. Nikaisogeza tena. Kichwa changu kilikuwa kimevurugika kabisa, ningeulizwa jina langu ningeomba karatasi za Ekai kwanza.

Umeme wetu ulitoka kwa jenereta ya mfanyabiashara jirani. Aliwasha saa nane mchana, akazima saa kumi na moja. Jumanne ikaisha hivyo, hatujapata hata wimbo mmoja.

Ndiyo Jumatano ikafika. Alhamisi alfajiri Byamungu anaondoka. Saa kumi na dakika kadhaa nilikuwa bado nimesimama pale na maikrofoni mbili, kwa maana nilikuwa nimeitoa ile ya kanisani kikapuni kwa kukata tamaa tu. Byamungu alikuwa amekaa kitandani, gitaa magotini. "Mama, mi niko tayari tangu Ijumaa," akasema taratibu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Baba yangu akaingia, ekicholong yake mkononi, kile kigoda cha mbao ambacho mzee wa Kiturkana anakikalia mchana na kukilazia kichwa usiku. Alikuwa amechoka kusikia binti yake akipiga kelele kwenye simu. "Mnafanya nini humu siku zote hizi?" Nikamweleza. Hakujua hata jina la kitu nilichoshika. Akamwambia Byamungu apige. Akainama, akaweka sikio karibu na kile kitambaa cha spika, akasikiliza jinsi anavyosikiliza mbuzi mgonjwa.

"Gitaa linatokea hapa?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa hicho chako jana kilikuwa kinasikiliza nini kule mlangoni?"

Akaendelea, na maneno hayo bado yananiuma: "Umeuliza Lodwar nzima. Spika iko nyumbani kwako, hujaiinamia hata mara moja. Na huyu mtu anaondoka kesho."

Akaweka ekicholong yake chini mbele ya spika. Kitu ambacho mimi, mwanamke, sijawahi kukikalia maisha yangu yote! Nikaichomeka maikrofoni ya kanisani, ile isiyosikia mbali, kwenye kile kisanduku, nikailaza juu ya kigoda, mdomo wake ukigusa kitambaa. Katikati ya spika sauti ilikuwa kali, inakwaruza. Nikaisogeza vidole viwili pembeni. Hapo! Gitaa zima likaingia kwenye kompyuta, nene, na mbuzi hawamo. Nililia, sikufichi.

Byamungu akapiga wimbo wa kwanza bila kosa. Alipomaliza akachomoa waya wa gitaa, tak! atoke nje apigwe na upepo kidogo, maana yale mablanketi yangu yalikuwa yanatuua. Akiwa hapo nje saa kumi na moja ikafika, jenereta ikazimwa. Tulikimbia kwa jirani, akasema mafuta yameisha. Tulimwomba, baba mwenyewe alimwomba. Mafuta hayakuwako.

Alfajiri Byamungu akaondoka na nyimbo nane vidoleni.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Ile ya kawaida, ya kushika mkononi, isiyosikia mbali, ndiyo itakufaa katika nyumba zetu hizi za mabati. Iguse kitambaa cha spika, isogeze vidole viwili kutoka katikati, inama usikie kwa masikio yako. Kama kuna rafiki anayo, azima leo. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtu akikuambia yuko tayari, rekodi siku hiyo hiyo na ulicho nacho. Vifaa vitazidi kutengenezwa. Byamungu sikumwona tena.

Jumapili uje kanisani. Ule wimbo wetu mmoja bado tunauimba juu ya gitaa lake. Mwishoni utasikia tak! ya waya ukichomolewa, na kwaya yote, hata watoto ambao hawakumjua, hungoja hiyo ndipo waseme amina. Mungu akubarikie mikono yako na masikio yako, akupe wenzako wa kupiga nao, na akujalie uwarekodi wakiwa bado wamekaa kitandani kwako. Sasa maliza chai, uende.