Mrenda wa Nyuma ya Jikoni

Juzi nilipita soko la Kitale, nikamkuta mama mmoja amepanga mafungu ya mboga ya mrenda juu ya gunia. Nikaponda jani moja, ule utelezi ukanishika vidoleni, na papo hapo nikawa Myanga, kwa nyanya yangu, likizo ile niliyomharibia shamba.

Wewe kama hukukiona kikundi cha bustani cha akina mama wa miaka ile, ulikosa. Alhamisi moja kila mwezi walitembelea boma la mmoja wao. Mwenyeji anawazungusha, anaeleza amepanda nini na kwa nini, kisha chai ya maziwa na viazi vitamu. Na ilikuwa lazima kila mgeni aondoke na mbegu, zimefungwa kwenye kikaratasi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mkali ajabu, na somo lake halikubadilika: mboga ni mistari. Kilicho nje ya mstari ni gugu, ng'oa.

Mimi mtoto wa Kitale nikayameza yote. Zamu ya nyanya ilipofika, asubuhi alienda kusaga wimbi, nami nikaamua kumfurahisha. Nyuma ya jikoni kulikuwa na vimche vimeota ovyo ovyo. Nikang'oa vyote, nikavitupa juani, nikafagia. Halafu nikanawa miguu, nikakaa kungoja sifa.

Kumbe ule ulikuwa mrenda wa mama yake nyanya, aliokuja nao nyanya alipoolewa. Mbegu zote alikuwa amezimwaga pale, kibuyu cha kuzihifadhia kimebaki kitupu. Nyanya hakunipiga. Heri angenipiga! Alikaa tu kwenye kigoda, ameshika kimche kilichonyauka. Nililia mpaka kwikwi.

Wageni walipofika nilijificha mlangoni, nikijua nitatajwa. Nyanya akasimama mbele ya ule udongo mtupu, akasema, "Hapa palikuwa na mrenda wa mama yangu. Sasa hakuna." Akawapeleka kwenye kunde. Mwalimu alibaki nyuma, akaniona na macho yangu mekundu, akafunga daftari lake.

Kesho yake asubuhi alikuja na beseni lililofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani, vimche vya mrenda na udongo wake.

"Si ulinipa mbegu mwaka juzi," alimwambia nyanya, akiangalia kuku. "Nilimwaga nyuma ya choo, mahali wageni hawafiki. Hata mistari hauna."

Nyanya alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaniita Kukhu, jina tunaloitana kwetu nyanya na mjukuu: "Kukhu, leta jembe. Wewe uling'oa, wewe utapanda."

Nilipanda, naye akinishikia beseni.

Nyanya na mwalimu, wote wawili wameshaenda mbele ya haki. Kikundi kilisambaratika, na nyuma ya ile jikoni sasa kuna nyumba za kupangisha, simiti mpaka mlangoni. Siku za matanga ya nyanya hakuna aliyekumbuka kibuyu chake cha mbegu, hata mimi niliyepaswa kukumbuka kuliko wote, na hilo linaniuma mpaka leo. Ule wa sokoni niliupika. Ni mtamu, lakini si wenyewe.

Lakini nyanya aligawa vikaratasi vingi sana, bana, Myanga mpaka Kanduyi. Ndiyo maana nikialikwa kwa watu upande wa Bungoma, huuliza choo kiko wapi hata kama sijabanwa. Nikifika, nazunguka nyuma, nachungulia.