Pipa la Kijani la Nyanya

Juzi niliingia duka la vyombo vya plastiki mjini Malindi kutafuta pipa la taka. Muuzaji akanionyesha moja jembamba la kukanyaga, eti ndilo la kisasa. Nilipofunua mfuniko, harufu ya plastiki mpya iliyopigwa na jua ikanirudisha Mambrui kabla sijamjibu.

Unajua, ndugu yangu, kichochoroni kwetu aliolewa mama mmoja Mngazija. Kisiwani kwao kuna mlima wa moto, na nchi hutikisika mara kwa mara. "Kwetu ardhi haina ahadi," alizoea kusema, mikono imemjaa unga wa chapati. Kwa hiyo alikuwa na pipa la taka lisilotiwa taka: ndani mlikuwa na maji, biskuti, tochi na leso safi. Watu walimcheka, na nyanya yangu alicheka kuliko wote. Mwishowe alikubali kununua lake, nadhani ili aachwe apumue. Tulikwenda sokoni sote watatu. Yule mama aliyabonyeza mapipa, akayapindua, hata akayakalia, maana plastiki nyepesi hupasuka kwa joto. Nyanya alichagua la kijani kwa kuwa alipenda rangi yake. Likajazwa vitu vile vile, likawekwa ghalani, kando ya gunia la mchele.

Alasiri moja tulikuwa humo ghalani, nyanya akichagua nazi ya kukuna, nikahisi sakafu ikitembea chini ya nyayo zangu. Tetemeko lenyewe halikuwa kubwa. Nyumba yetu ya mawe na boriti ndiyo iliyokuwa imechoka. Boriti moja ikashuka, chokaa ikamwagika, mlango ukabanwa. Giza. Nikausukuma mlango huku nikilia, haukusogea hata kidogo. Vumbi lilitujaa kooni, na nyanya alikuwa na pumu. Nilimsikia akivuta pumzi kwa shida, kama mtu avutaye ndoo kutoka kisima kirefu.

Nikapapasa mpaka nikalipata pipa. Nyanya akanywa maji, tukalowesha leso tukajifunika pua. Kisha nikaanza kuugonga mfuniko kwa kifuu cha nazi, nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi.

"Bi Mkubwa!" Ilikuwa sauti ya Mngazija, nje ya mlango. "Mu wazima?"

"Tu hai," nyanya akajibu, "lakini kaburi hili ni dogo kwa watu wawili."

"Jibanzeni pembeni, mbali na boriti. Msiusukume mlango, dari itawashukia. Watu waja kutoboa ukuta."

Wakautoboa ukuta wa nyuma jiwe baada ya jiwe. Adhana ya magharibi ilitukuta uani, weupe kwa chokaa, nyanya akicheka na kukohoa kwa pamoja.

Ningependa kukuambia kwamba yaliishia hapo. Lakini nyumba ilikuwa imepasuka vibaya, ikabidi ibomolewe, na baba yangu mdogo akamchukua nyanya kwake Kibarani. Alipewa chumba kizuri, cha simiti na madirisha ya vyuma, na mlango wa geti ukifungwa mchana kutwa. Nilipokwenda kumsalimu nilimkuta kitandani, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, nyanya. Wajionaje huku?"

"Marahaba, mwanangu. Kule nilifungiwa alasiri moja tu. Huku nimefungiwa na wema wenu."

Alifia chumbani humo, na Mngazija naye alikuwa amekwisharudi kwao kumuuguza mamake.

Siku hizi nikifika Mambrui napita kile kichochoro polepole. Hakinukii tena samli wala nazi iliyokunwa. Kiwanja chetu kimezungushiwa ukuta mrefu na mtu nisiyemjua. Zamani mtoto hakuweza kupita pale bila sauti kutoka dirishani kumwuliza yeye ni wa nani. Sasa napita mwanzo mpaka mwisho, na hakuna anayeniuliza.