Kadi Mbili za Wadi Sidiri

Jumamosi, tarehe tano Mei. Gharbi imevuma tangu alfajiri, upepo mkavu wa jangwani, hata usukani haushikiki. Ndivyo nilivyoandika katika daftari siku yangu ya kwanza ya kazi, na sikuongeza neno, maana sikujua kama ile ni kazi kweli au kibarua cha wiki moja. Niliajiriwa dereva. Vijana wa kitengo mlioniomba niandike haya msije mkanidhania mtaalamu. Skuli niliiachia darasa la saba, Unguja, na Kiarabu cha kusoma nilijifunza ukubwani hapa Maskati, kwa vibao vya njiani.

Kitengo kilikuwa na vyumba viwili mtaa wa Wattaya, juu ya duka la magari. Kazi yetu ilikuwa kupiga picha za wanyama wa mwituni na mahali wanapoishi, ili wakubwa wanaogawa ardhi waone kuna nini kabla hawajatia saini. Mkuu wa Kitengo wa wakati ule alikuwa mtu wa milimani, mpole, hajui Kiswahili hata salamu. Aliniuliza kwa Kiarabu kama najua kukaa kimya. Nikasema najua. Akasema, "Sote husema hivyo," akanibebesha stendi ya miguu mitatu.

Miaka miwili niliendesha na kubeba. Kisha akanitia chumba cha giza, kule filamu zilikosafishwa kwa dawa chini ya taa nyekundu, na harufu yake ikakaa kwenye kanzu zangu. Kutoka hapo nikapelekwa ufukweni kwa kasa, halafu kwenye mikandaa, miaka mitatu ya tope na ndege. Kule nilijifunza kwamba picha ya ndege peke yake ni pambo. Ukitaka kumlinda lazima umpige pamoja na tope analokula, maana atakayekuja na greda hamwoni ndege, huona uwanja mtupu. Sikuwa hodari. Wenzangu wawili walikuwa na jicho kuliko mimi, nami sitasema vyengine.

Mwisho nikapelekwa milimani, kwa mbuzi wa jabali ambaye Waarabu humwita wa'al. Huyu haonekani ovyo, kwa hivyo tulitumia kamera za mtego. Unaifunga kamera kwenye mti au jiwe karibu na maji, unaiacha wiki kadhaa, na kitu chochote chenye joto kikipita mbele yake inajipiga yenyewe, na saa na tarehe inaziandika. Zipo sheria nyingi, ila moja ndiyo iliyonishika. Kadi ya kamera, kabla hujaitoa, lazima picha ya mwisho iwe ya kibao kilichoandikwa kwa chaki jina la mahali. Wadi na wadi, mabonde ya mito mikavu, hufanana. Mawe ni mawe.

Wakati huo tulikuwa na Mudiri mpya, ndiye mkuu wa kitengo. Kijana kwangu, amezaliwa hapa, lakini nyumbani kwao ni Waswahili kama sisi. Mbele za watu tukisema Kiarabu. Mlango ukifungwa ananiita ami, na Kiswahili chake cha bibi yake kinatoka chote. Mtu huyu aliipenda Wadi Sidiri kuliko sisi sote. Ni bonde dogo la mto mkavu nyuma ya milima, lina chemchemi moja juu na mikunazi chini, na kampuni moja ilikuwa imeomba kuvunja mawe pale. Kamati ya kugawa ardhi ilitaka ushahidi kwamba mbuzi wa jabali wanakunywa maji ya Sidiri. Bila hivyo, bonde linaondoka.

Siku niliyokwenda kuchukua kadi, mawingu yalikuwa yameshika vilele. Mwenye kujua milima ya huku anajua, mvua ikinyesha kule juu, wadi inashuka na inachukua gari na mtu. Nilikuwa peke yangu. Nilitoa kadi ya Sidiri, nikavuka mgongo wa jabali, nikatoa kadi ya bonde la pili, ambalo lilikuwa limeshahifadhiwa zamani. Kwa haraka yangu kibao sikukipiga, si huku wala kule. Kadi zote mbili nikazitia mfuko mmoja wa shati.

Ofisini tukafungua kadi. Moja haikuwa na kitu ila kware na mbweha. Ya pili ilikuwa na mbuzi jike na mtoto wake, wameinama majini, jua limewapiga manyoya. Watu walisimama. Mudiri akaja, akaweka mkono begani kwangu.

"Ami, hii ni Sidiri?"

Nikasema ndiyo. Sikusema uwongo, wala sikusema kweli. Nilisema nilichotaka kiwe.

Siku mbili baadaye nikapewa kuikuza picha ile kwa ajili ya kamati. Hapo ndipo nikauona mwanga. Saa iliyoandikwa chini ilikuwa saa nane mchana, na maji yanameta juani. Chemchemi ya Sidiri ina ukuta wa jabali upande wa magharibi. Adhuhuri ikipita tu, iko kivulini. Nilikaa pale muda mrefu nikitafuta njia ya kuufanya mwanga ule uwe halali, nisiipate.

Asubuhi nikaingia kwa Mudiri, nikafunga mlango, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo.

"Mbuzi hawana pasipoti, ami. Leo wako upande huu, kesho upande ule."

Nikamwambia pengine ni kweli, lakini picha haikupigwa Sidiri.

"Nani atajua?"

"Kampuni ikipeleka mtu pale saa nane, atajua."

"Basi khofu yako ni hiyo? Kujulikana?"

Nikasema sijui.

Lazima niwe mwadilifu kwake. Picha ile aliiondoa mwenyewe. Alikwenda mbele ya kamati akasema kosa ni la kitengo, jina langu hakulitaja, akaomba muda. Akapewa mwezi mmoja, na mimi ndiye niliyepelekwa juu Sidiri kumvizia mbuzi.

Nilijenga kibanda cha kujifichia kwa magunia na matawi, hatua arubaini kutoka kwenye maji. Ndani yake nilikaa na lenzi ndefu, thermos ya chai na tende. Vijana huniuliza upweke wa kazi hii ukoje. Siku ya kwanza unasikia ndege. Siku ya tano unasikia tumbo lako. Siku ya kumi unaanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyekuuliza. Simu haikushika kule, kwa hivyo kila Alkhamisi nilishuka mpaka karibu na Bawshar kumpigia mke wangu, ambaye alikuwa hai bado, Mungu amrehemu.

"Umemwona?" ananiuliza.

"Sijamwona."

"Basi yeye anakuona wewe. Chana nywele."

Mwezi ukaisha, sikupata hata pembe. Nilichopata ni nyayo kwenye tope, nikazipiga pamoja na rula ili ukubwa wake ujulikane, na kinyesi kikavu, na shungi la manyoya kwenye mwiba, juu kabisa karibu na chemchemi. Wataalamu wengine walisema ni wa'al, wengine wakasema ni mbuzi wa kufugwa aliyepotea. Kamati ikaligawa bonde. Juu pakahifadhiwa, chini, penye mikunazi, pakapewa kampuni.

Nisiwaseme vibaya wale wa mawe. Msimamizi wao alinipa maji baridi siku nilipokwenda kuipiga mikunazi kwa mara ya mwisho, akangoja nimalize ndipo akawasha mashine. Kokoto ni lazima zitoke mahali. Binti yangu anapita kila siku kwenye barabara nzuri, nami sijamwambia asipite.

Tangu bonde lilipogawanywa Mudiri hakusema nami Kiswahili tena. Hakunikatia mshahara, hakunipigia kelele. Aliniita akhi, ndugu kwa Kiarabu, akaniamkia kwa adabu, mlango umefungwa au uko wazi, kwa lugha hiyo hiyo. Nilihamishiwa makhazini, kupanga picha za zamani kwenye majalada. Miaka sita. Siku ya kustaafu alinipa cheti, akasoma sifa zangu kwa Kiarabu fasaha, nyingine sikuzielewa.

Sasa nakaa Darsait, kwenye fleti, na Nakato, dada wa Kiganda ambaye binti yangu kamwajiri anitazame. Nilipomhadithia aliniambia, "Lakini mzee, ulisema ukweli. Sasa unasumbuka nini?" Nikamwambia ukweli nilisema wa picha. Wa bonde siujui. Kama mbuzi walikuwapo chini, kwenye mikunazi, mimi nimewatoa. Kama hawakuwapo, sikumwonea mtu. Tangu mashine zianze hakuna aliyemwona hata mmoja, si juu wala chini, na hilo halithibitishi kitu.

Leo Alkhamisi binti yangu alinipeleka Bawshar kumzuru Mudiri, ambaye naye kastaafu na mguu unamsumbua. Tulinywa kahawa. Aliniuliza magoti, nikamwuliza sukari, vyote kwa Kiarabu. Wajukuu wake walipotoka, nikamwuliza kwa Kiswahili, sijui ujasiri niliutoa wapi:

"Wewe kwa moyo wako, walikuwapo?"

Akazungusha kikombe.

"Allahu aalam," akasema.

Neno hilo, Mungu ndiye ajuaye, kwetu ni la lugha zote mbili, na hakuongeza jengine. Akanisindikiza mpaka mlangoni kwa fimbo yake, akasimama pale mpaka gari ikageuka.

Nyumbani Nakato alikuwa kapika kunde za nazi. Tulizila na mkate wa khubzi wa jana uliopashwa moto, mimi na yeye, na kachumbari bila pilipili.