Diski Zilizokwama Kwenye Saba

Mtaa mzima ulimwita Shikilia, hata watoto wasiojua jina hilo limetoka wapi. Lilitoka kazini. Maisha yake yote alipiga video za harusi, mahafali na misiba, na alipotaka watu watulie mbele ya kamera alipaza sauti: "Shikilia hapo hapo!" Bwana harusi alishikilia, bibi harusi alishikilia, hata wafiwa walishikilia. Mtu wa amri huyu, amri zisizo na simile, na cha ajabu watu walimpenda.

Mtu mmoja tu alikataa kupigwa video, naye ni mkewe. Mama huyo alikuwa mshonaji, na akiona kamera imemwelekea alijifunika uso kwa nguo yoyote aliyokuwa nayo mkononi. Alikubali jambo moja tu, kwa kuwa lilikuwa la kazi. Kabla mumewe hajatoka asubuhi, alisimama ukutani ameshika kitambaa cheupe kifuani ili kamera ipate rangi sawasawa, akaanza kuhesabu moja mpaka kumi ili sauti ipimwe. Wateja hawakuwahi kukiona kipande hicho. Kwenye nakala zao kilikatwa. Lakini kamera ilirekodi moja kwa moja kwenye DVD, na zile DVD za asili, zilizojaa makasha chini ya kitanda, zote zilianza na mama akihesabu.

Sasa mama hayupo. Kiharusi kilichukua kwanza sauti, kisha, mvua zilipoanza, kikamchukua mwenyewe. Katikati hapo alikuja muuguzi kumfundisha kuhesabu upya. Mama alijikokota, mbili, tatu, jasho likimtoka, na Shikilia kwa huruma akamkatiza: "Inatosha, mama. Pumzika." Mama alimtazama kwa muda mrefu, akageukia ukuta.

Uso wa mkewe alikuwa nao kwenye picha. Sauti ndiyo iliyomtoroka. Siku moja anamenya viazi, akataka kuisikia kichwani, hakuipata, na kisu kikamponyoka. Aliogopa kuliko siku ya mazishi. Hapo ndipo alipovuta makasha yale. Diski zilishaanza kuota madoa ya kahawia pembezoni, na alijua DVD ikianza hivyo haina siku nyingi. Akaazimia kuzikopi zote kwenye kompyuta ya nyumbani.

Diski ya kwanza ikamezwa na kompyuta. Kwenye kidirisha kidogo cha programu mkewe alitokea, kitambaa kifuani. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika saba, kompyuta ikaanza kukwaruza ndani kwa ndani, picha ikaganda, na maandishi yakatokea: kosa la kusoma, kazi imesimama. Faili lote likatupwa, hata ile moja na mbili.

Akaipangusa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, kama inavyotakiwa. Saba. Akapunguza mwendo. Saba. Akabadilisha waya, akaweka programu nyingine. Saba. Akachukua diski ya harusi tofauti kabisa, ya miaka mingi baadaye, mama ameshaanza kuvaa miwani. Ikaganda palepale, kinywa wazi. Ya tatu vivyo hivyo, ya nne vivyo hivyo. Na macho yale, ingawa alijiambia ni upuuzi wa uzee, hayakuitazama kamera. Yalimtazama aliye nyuma yake.

Jumamosi binti yake alikuja kumfulia, akamkuta amekikodolea macho kioo cha kompyuta.

"Baba, si uwaachie mafundi?"

"Fundi nani? Mimi ni nani?"

"Wewe ni fundi wa kushikilia. Hebu lete simu."

Binti akampigia fundi kompyuta wa mtaani, akamweleza diski zinavyokwama, akaweka sauti ya juu, akatoka uani na beseni lake la nguo.

"Mzee, shikamoo," fundi alisema. "Hapo inapokwama, ulikuwa unasimamisha kurekodi?"

Shikilia alitazama mkono wake. Kidole chake kilikumbuka kabla yake. Kumi hakuwahi kuihitaji, mkewe akifika saba sauti ilishapimika, naye akasema "Inatosha!" na kubonyeza kitufe. Kila mara. Mama alibaki na namba tatu mdomoni, akikunja kitambaa huku akicheka: "Iko siku utaniacha nimalize, baba." Kamba hukatikia pembamba, na pembamba hapo alipapunguza mwenyewe.

"Basi kila ukisimamisha, diski inabaki na pengo," fundi aliendelea. "Programu zako zikifika hapo zinapotea. Nakutumia moja isiyojali mapengo. Pale itakuwekea weusi kidogo tu, halafu itaendelea na harusi."

Programu ikaja. Safari hii mstari unaoonyesha kazi inavyokwenda ulifika saba, ukasita, ukapita. Ukaenda mpaka mwisho. Shikilia alifurahi mpaka akapiga makofi. Sauti imepona! Akalifungua faili, jua la mchana likiwa limejaa chumbani.

"Moja," alisema mkewe, na mzee akalia bila aibu. Ndiyo hiyo, ya puani kidogo, yenye mzaha ndani yake. Tano. Sita. Saba. Kisha akajisikia mwenyewe, kijana, mwenye haraka: "Inatosha!"

Kioo kikawa cheusi, kama alivyoahidiwa. Akasubiri harusi. Weusi haukuondoka.

"Nane."

Ilitoka humo kwenye weusi, taratibu, sauti ya mtu aliyesubiri zamu yake. Hapo hapakuwa na kitu. Kamera ilizimwa, yeye ndiye aliyeizima.

"Tisa."

Aliona kidole chake kimeshakaa juu ya kitufe cha kusimamisha, kwa mazoea tu. Akakiondoa, akaukalia mkono ule.

"Kumi."

Mlangoni palitokea kivuli. Binti yake alikuwa ameingia, amesimama ukutani karibu na mlango, shuka jeupe linalochuruzika maji amelishika kifuani.

"Baba," alinong'ona, "huyo ni mama."

Sauti haikuwa imemaliza. Ilivuta pumzi, kama mama alivyovuta pumzi kabla ya kukata uzi kwa meno.

"Sasa inatosha?"

Shikilia alikishika kioo kwa mikono miwili. "Haitoshi, mama," alisema. "Haitoshi hata kidogo. Shikilia hapo hapo."

Kioo kikawaka, na harusi ya watu ikaanza.