Siku niliyolazimika kumtangazia baba mkwe mambo ya uzazi kwenye radio call

Wakuu, hamjambo huko mliko. Huku Nyamira mvua inanyesha na mimi bibi yenu nimeshika simu ya mjukuu. Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, miaka ya sabini mwanzoni, na aliyekuwa na mimi siku hiyo bado yuko hai, kwa hivyo nikidanganya atanisuta.

Nimesoma hapa mkibishana kwa nini manesi wanafanyiwa training ya tablet na app za hospitali, halafu wakirudi kazini hawazitumii. Mmesema ni uvivu. Mmesema ni network.

Ngojeni niwaambie.

Nilikuwa msaidizi wa nesi kwenye zahanati ndogo ya misheni, bondeni karibu na Nyaramba. Msichana wa juzi, nimeolewa mwaka haujaisha. Misheni ikatuletea radio call ili tukizidiwa tumuulize daktari wa hospitali kubwa ya mjini.

Kutoka bondeni kwetu sauti haikufika mjini. Ilibidi tuongee na kituo cha Manga, juu kwenye ukingo wa mlima, na karani wa pale ampe daktari maneno yetu, kisha aturudishie majibu.

Karani huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Kwa wasio Wagusii: sisi tuna kitu kinaitwa ensoni. Ni haya, lakini haya yenye sheria. Mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani ovyo, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa kati yao. Hata kusema "fulani ana mimba" mbele yake ningetafuta njia ya kuzunguka.

Mwalimu wa radio alikuwa kijana mpole aliyetoka Nairobi. Alitufundisha vizuri: bonyeza, sema, maliza na "over", achilia. Tukafanya mazoezi ya kuagiza pamba na dawa ya minyoo mpaka tukajiona watangazaji. Baba mkwe alijibu kutoka Manga kwa sauti ya ofisini, nami nikajibu kwa sauti ya ofisini, tukawa kama watu wasiojuana. Mwalimu akatupa cheti. Hakuuliza kama kuna neno mtu asingeweza kumwambia mwenzake. Angejuaje?

Basi. Mchana mmoja nesi mkubwa ameenda mjini kuchukua dawa, nimebaki peke yangu. Akaletwa Kerubo, jirani yangu, tayari uchungu umemshika. Mama yake mzazi alikuwa naye.

Mtoto alizaliwa salama, analia vizuri. Kondo la nyuma halikutoka. Damu ikaanza, na haikuwa damu ya kawaida.

Nikakimbilia redio.

"Manga, Manga, hapa kuna mgonjwa. Mwanamke. Hali si nzuri. Over."

"Ana ugonjwa gani? Over." Ni yeye, baba mkwe.

Wakuu, ningemwambiaje baba mkwe? Nikasema, "Tumbo. Over."

Akapeleka neno mjini, kisha akarudi. "Daktari anauliza amekula nini. Over."

Nikajibu sijui. Akarudi tena: daktari anasema apewe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, alale, tumwangalie.

Na mimi, kwa haya zangu, nikasema "Asante, over," nikaenda kuchanganya maji ya chumvi! Nilikuwa nakoroga kikombe huku nikijua hakitasaidia chochote. Mpaka leo nikikumbuka kile kikombe najificha uso.

Mama ya Kerubo akanifuata. Alikuwa amesikia yote mlangoni.

"Wewe, tumbo gani? Mtoto yangu anaisha hapa na wewe unaona aibu ya mzee? Rudi useme!"

Nikarudi. Nilifumba macho, kana kwamba yule mzee angeniona kutoka Manga.

"Manga, si tumbo. Amezaa. Kondo la nyuma imekataa kutoka. Damu inatoka mingi sana, kwa njia ya uzazi. Over."

Nikaachilia kitufe. Nikadhani ameondoka kitini; ningekuwa yeye, hata mimi ningeondoka.

Kisha nikamsikia. Hakuwa anaongea na mimi, alikuwa anamwambia daktari. Neno kwa neno, yote niliyosema, hata lile la njia ya uzazi. Na vituo vyote vya misheni vilikuwa vinasikiliza, maana sote tulitumia mawimbi mamoja.

Majibu yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu sasa ni yeye aliyepaswa kuniambia. Mgonjwa asaidiwe kukojoa. Mtoto awekwe kwa titi. Nisugue tumbo chini ya kitovu mpaka kizazi kiwe kigumu. Nimdunge sindano fulani iliyokuwa kabatini. Landrover inakuja. Kila sentensi alimaliza na "over" kama anatua mzigo.

Nikafanya yote. Damu ikapungua, Landrover ikafika, Kerubo akapona; ndiye huyo atakayenisuta nikidanganya. Huyo mtoto leo ana wajukuu.

Lakini mimi! Nilitaka kuhama. Sokoni Nyaramba wanawake walikuwa wakiniona wanaziba midomo. Nilianza kupita shamba la chai nyuma ya boma ili nisikutane na mzee, na yeye, nikaja kujua, alikuwa akipita upande ule mwingine kwa sababu hiyo hiyo.

Sabato moja nikampelekea mama mkwe ndizi jikoni. Mzee alikuwa nje, ametupa mgongo. Akamwambia mkewe kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Mwambie huyo, siku ingine akipiga redio asinifiche. Mimi nilipelekea daktari tumbo. Mimi ndiye nilisema apewe maji. Sijalala vizuri tangu hiyo siku."

Mama mkwe akanigeukia ili anipe ujumbe, kama sheria inavyotaka. Sikungoja. Nililia pale pale, ndizi mkononi. Nilikuwa nimeshughulika na aibu yangu mpaka nikasahau kwamba nilimtwisha mzee wa watu uongo.

Somo langu, wakuu: mnapofundisha wahudumu hizo tablet, kitufe hufunzwa asubuhi moja. Waulizeni pia ni nani atasoma wanachoandika, na ni neno gani litawakwama. Hapo ndipo mgonjwa anapofia.

Wenye kazi ya hospitali humu, leteni yenu: ni nani uliona haya mbele yake, na mgonjwa alikungoja kwa muda gani? Matusi sijibu. Miwani yangu ni ya zamani.