Buibui la Kipimo cha Zamani

Mama aliapa hatasema tena na mjomba, na sababu ni buibui. Mjomba ni mdogo wake, fundi cherehani wa Jang'ombe. Nguo zote za mama huzishona yeye, kwa kipimo alichokihifadhi kichwani tangu ujana wao. Kumzungushia futi dada yake mkubwa aliona ni kukosa adabu. Basi mama alikanyaga pindo la buibui jipya uani, akaanguka, akavunjika mkono.

"Kanishonea sanda," alisema.

Mjomba alikuja kumtazama mara mbili, na mara mbili mama akageukia ukutani. Iliniuma, maana hawa wamebaki wawili tu kwao.

Hospitali walimfunga plasta, lakini daktari hakuridhika. Alisema kuanguka kwa kujikwaa tu hakuvunji mfupa wenye nguvu kirahisi hivyo. Akauliza hedhi ilikoma lini, kama bibi aliwahi kuvunjika nyonga, dawa gani anatumia, na kama anapata jua.

"Jua?" Mama, aliyelima mwani tangu nikiwa mdogo, alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mie jua lishanipika."

Daktari akamsimamisha ukutani. Visigino viligusa, kisogo hakikufika. Akampima kimo, akauliza zamani kilikuwa kiasi gani. Nani kwetu anampima mama yake? Ndipo nikakumbuka yale mabuibui. Nikamwambia kuwa miaka hii kila jipya linabururika chini, na fundi anaapa hajabadilisha kitu.

Daktari akaacha kuandika, akaagiza picha ya mgongo. Pingili mbili zilikuwa zimebonyea, na mama kapungua kimo. Damu pia ilipimwa, isije ikawa ni maradhi mengine yanayokula mifupa. Kipimo cha uzito wa mifupa tuliambiwa tukakifanye Dar, ila kwa pingili zile hakuwa na shaka: mifupa imekonda, dawa ianze.

Mama hakuuliza habari za dawa. Alinambia nimpeleke kwa mjomba.

Alisimama mlangoni mwa duka. "Lete futi."

"Dada, kipimo chako nnacho."

"Huna. Pima."

Mjomba akapima toka bega hadi kisigino, akatazama, akapima tena. Kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani, akalia wazi wazi mbele ya wateja.

"Kumbe nlikuwa nkimshonea dada wa zamani."

Mama akamwekea begani ule mkono mzima. "Basi nshonee mie niliyebaki."